Meza za Watu Wanane

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mama Pacha alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake akishona sare za shule, mara akasikia nyundo inapigwa. Mwanzoni alidhani ni kwa jirani. Pigo la tatu likatikisa vikombe kabatini. Akatoka mbio na futi kamba yake shingoni, akamkuta mumewe uani, kavaa buti za kazini, kashika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Ile sakafu ya saruji waliyoimwaga mwaka mapacha wao walipoanza darasa la kwanza ilikuwa na shimo la ukubwa wa sinia.

"Baba Pacha, kuna nini? Bomba limepasuka?"

"Hapana, mama. Nataka kuweka kokoto."

"Kokoto wapi?"

"Hapa. Ua mzima. Natengeneza bustani ya bia. Ile ya Kijerumani."

Mama Pacha alimtazama akisubiri mzaha uishe. Haukuisha. Nyundo ikashuka tena.

Mtaani mumewe walimwita Fyuzi. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo, na mashine ikizima ndiye aliyefuatwa hata akiwa kitandani. Ujanani, kabla hawajaoana, kiwanda kilimpeleka Ujerumani miaka miwili kujifunza mitambo. Alirudi na sanduku la zana, koti zito lisilo na kazi yoyote, na Kijerumani kidogo alichokitumia kutukana mashine. Sasa alikuwa amestaafu miezi kumi na moja, na miezi hiyo ilimchosha mkewe kuliko ilivyomchosha yeye. Alishabadilisha swichi zote za nyumba, hata zilizokuwa nzima. Alishafungua cherehani "kuisafisha tu," akaifunga, skrubu mbili zikabaki mezani. Siku moja Mama Pacha alimkuta amezipanga nyuzi zake kwa namba, nyeusi ikiwa namba moja, na hakuweza kupata rangi ya maziwa wiki nzima.

Kwa hiyo kokoto asingeziona mbaya sana. Mtu apate cha kumshughulisha. Kilichomkaa rohoni ni bia.

Miaka miwili nyuma daktari alimwambia Fyuzi, mkewe akiwa kiti cha pembeni, kwamba ini lake limechoka na kwamba hata funda moja asiguse tena. Fyuzi aliacha siku hiyohiyo, bila makelele. Lakini alivyoacha chupa, aliacha na watu, kwa sababu watu wake wote alikuwa anawakuta baa. Hakumwambia hata mmoja wao habari za ini. Simu zao zikawa zinalia, yeye anaitazama mpaka inanyamaza. Baadaye zikaacha kulia zenyewe. Na sasa mtu huyohuyo alikuwa anajenga bustani ya bia nyuma ya jiko lake!

"Daktari alikwambia nini?" Mama Pacha aliuliza, mikono kiunoni.

"Alisema nisinywe. Hakusema nisijenge."

Mchana Mama Pacha aliwapigia simu mapacha, kila mmoja na mji wake. Wa kwanza akacheka: "Mwache mama, amepata kazi." Wa pili hakucheka. "Mama, kaa chonjo," alisema.

Akakaa chonjo. Wiki nzima alishona jicho moja likiwa dirishani. Kifusi kikatolewa kwa toroli, ardhi ikasawazishwa, lori likaja likamwaga kokoto ndogo nyeupe mpaka ua ukawa unalia krachi krachi kila ukikanyaga. Kisha akaletwa seremala, mwanamume mfupi mwenye penseli sikioni, na hapo pakazuka ubishi.

"Mzee, umeandika meza mita mbili na sentimita ishirini," seremala alisema. "Hapo sawa. Upana nusu mita? Hii meza au ubao wa kupigia pasi?"

"Ndiyo upana wake. Unayekaa naye uso kwa uso umsikie bila kupayuka."

"Na mabenchi hayana migongo?"

"Hayana."

Mama Pacha akaona bora aseme. "Kwa nini usinunue meza ndogo za plastiki, viti vinne vinne? Mtu akija na mwenzake wanakaa kwa nafasi yao."

"Sitaki meza ndogo," Fyuzi alisema, kwa sauti kali ambayo mkewe hakuizoea. Halafu akaishusha. "Za watu wanane, mama. Tatu. Zikiwa ndogo haina maana."

Siku ya tatu ya msumeno, jirani wa nyuma alikuja kugonga geti. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu aliyeishi peke yake, ambaye bado aliongea kama watu wote wamepanga mistari mbele yake. Kwa miaka tisa walikuwa wanasalimiana juu ya ukuta, basi.

"Nasikia mnafungua baa," alisema.

Mama Pacha, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwambia mumewe maneno makali zaidi ya hayo, alijikuta amenyoosha shingo. "Si baa, Mwalimu. Ni bustani. Watu watakaa mchana, watakula, watazungumza, jua likizama wanaondoka."

"Na watakunywa."

"Watakaokunywa watakunywa."

Mwalimu akaondoka na mdomo wake umefungwa kama bahasha. Mama Pacha akarudi ndani akijishangaa. Tangu lini amekuwa wakili wa kokoto?

Alhamisi mchana ndipo alipomfuma. Alitoka kutupa vipande vya nguo, akamwona Fyuzi amejibanza nyuma ya tangi la maji, mkononi ana bilauri nzito ya lita nzima yenye mkono, moja ya zile alizoagiza dazeni mbili. Ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya dhahabu, mapovu yakipanda. Damu ikamchemka. Alivuka zile kokoto kwa hatua nne, akampokonya, akapiga funda kubwa.

Ilikuwa juisi ya tufaha na maji ya soda.

"Wajerumani wenyewe wanainywa sana hii," Fyuzi alisema taratibu. "Kiangazi. Nilikuwa napima vipimo. Nusu kwa nusu ni tamu mno."

Mama Pacha aliishika ile bilauri. Akaketi kwenye benchi ambalo halijapakwa vanishi. "Sasa niambie vizuri. Unamjengea nani bustani ya bia, na wewe bia hunywi?"

Fyuzi naye akaketi. Akaokota kokoto moja, akaigeuzageuza.

Alisema kwamba kule alikopelekwa, miezi mitano ya kwanza hakuna mtu aliyeongea naye nje ya kazi. Hawakuwa watu wabaya. Kazini ilikuwa shika hapa, zima pale, saa kumi jioni kila mtu anachukua koti lake. Chumba chake kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta. Jumapili alikuwa anatembea tu mpaka miguu iume ili apate usingizi. Siku moja akapita kwenye bustani ya namna hii, miti mikubwa, kokoto, meza ndefu zimejaa. Akasimama pale kama nguzo, hajui aende wapi. Bibi mmoja akaondoa pochi yake kwenye benchi, akalipigapiga lile benchi kwa kiganja.

"Nikakaa. Kule mtu anaruhusiwa kuja na chakula chake kutoka nyumbani, anaagiza kinywaji tu. Bibi akafungua kikapu. Akatoa figili, akaikata nyembamba kama karatasi, akaipaka chumvi, nusu akaisogeza kwangu. Hatukuongea. Ningeongea nini? Nilijua maneno ya mitambo tu. Jumapili iliyofuata nikarudi, wakanisogezea tena. Ya tatu wakaniuliza jina. Kungekuwa na meza ndogo, ningekaa kwenye yangu peke yangu, na mwezi wa sita ningepanda ndege nirudi."

"Miaka thelathini na minne nimelala na wewe, hujawahi kunisimulia."

"Ningesimulia nini? Kwamba nililia mbele ya figili?"

Mama Pacha alimrudishia bilauri yake, akaingia ndani. Jioni hiyo alitafuta kwenye mabaki ya vitambaa, akapata furushi zima la kitambaa cha miraba ya bluu na nyeupe, akakata vitambaa vitatu vya meza, virefu na vyembamba, akavipinda kingo vizuri kuliko sare yoyote aliyowahi kushona.

Wageni waliitwa Jumamosi saa tisa alasiri. Fyuzi alikuwa amewaalika watu kumi na wanne, wengi wa kiwandani, na kila mmoja alimwambia kwa simu: njoo na chakula chako, kinywaji kwangu. Alifunga taa za kamba kutoka ukuta hadi ukuta ingawa jua lilikuwa kali. Bia zilizamishwa kwenye mapipa ya barafu. Saa kumi kasoro robo walikuwa wamefika wawili. Seremala alikuja kukagua mabenchi yake. Wa pili alikuwa Tani Moja, dereva wa winchi wa zamani, ambaye jina lake lilieleza kila kitu. Tani Moja alikaa mwisho wa benchi, seremala akakaa mwisho wa benchi jingine, na katikati yao palikuwa na uwanja mtupu.

"Wengine nimeongea nao," Tani Moja alisema akikwepa macho. "Wanasema mwaliko wa kuja na chakula chako hawajauelewa. Wengine wanaona… sijui. Wanaona umewapiga chenga miaka miwili, leo unawaita na masharti."

Fyuzi alitikisa kichwa, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka. Mama Pacha alimwona mabega yameshuka. Akapiga moyo konde, akatoka getini, akazunguka hadi nyumba ya nyuma.

"Mwalimu, una chakula gani jikoni?"

"Kwani hamjapika?"

"Hatupiki. Utaratibu wake unakuja na chako. Nakuomba."

Mwalimu alimwangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wanafunzi waliochelewa. Kisha akaingia ndani, akatoka na sufuria ya viazi na mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye karatasi, na mkate kwapani. Alipofika uani alisimama ghafla.

"Hii miraba," alisema akishika kitambaa cha meza. "Hii si sare ya shule yangu?"

"Ni mabaki, Mwalimu."

"Miaka kumi na minane nimewakataza watoto wasiimwagie chakula," alisema, akaweka sufuria juu yake, akaketi benchi moja na Tani Moja. Akamenya yai, akalikata, nusu akampa yeye bila kumuuliza jina.

Njiani kurudi Mama Pacha alikuwa amempigia simu msimamizi wa zamani wa kiwanda, akamwambia chakula kipo, aje na mdomo tu. Msimamizi akawapigia wengine. Kufikia saa kumi na moja walikuwa tisa, na karibu wote walikuja wameficha vifurushi kwapani kama watu walioiba: kuku, ndizi, mwingine biskuti za dukani. Vyote vikafunguliwa mezani, ikawa haijulikani tena kipi cha nani. Meza zilikuwa nyembamba, magoti yaligusana, na hapakuwa na namna ya kukaa kimya.

Hapo Mwalimu akainuka kufuata chumvi. Benchi likapanda upande wake, upande wa Tani Moja ukashuka, na jitu zima likateremka kwenye kokoto polepole, mkono ukiwa juu, bilauri imenyooka.

"Haijamwagika!" alinguruma kutoka chini.

Watu walivunjika mbavu. Seremala akaapa si kosa lake, ni vipimo vya Wajerumani. Fyuzi alicheka mpaka akashika meza, na Mama Pacha, aliyesimama mlangoni na taulo, hakukumbuka mara ya mwisho kusikia kicheko kile.

Walipomwinua, Tani Moja alijaza bilauri nyingine, akamsogezea Fyuzi. "Haya, mwenye nyumba. Toka tuje hujagusa. Funda moja na sisi."

Mama Pacha alibana taulo. Fyuzi aliitazama ile bia, povu lake, akaisukuma kidogo kwa vidole viwili.

"Sinywi tena," alisema. "Ini limeharibika. Miaka miwili sasa. Ningekuja baa nikae nawaangalia tu, nikaona haya, basi nikapotea."

Tani Moja alimkodolea macho.

"Ini? Fyuzi, sisi tulisema umepata kiinua mgongo umetuona takataka! Mimi nilikupigia mara saba. Saba, nilihesabu!"

"Niliziona."

"Uliziona," Tani Moja alirudia. Alikuwa amekasirika kweli, na hakuficha. Akanywa kidogo, akafuta mdomo. "Ungeniambia. Ningekaa na wewe hata kituo cha basi. Haya, wewe unakunywa nini hapo?"

"Tufaha na soda."

"Lete nionje." Akaonja, akafikiri. "Inanywewa. Lakini siwezi kukudanganya, yangu ni bora."

Jua lilipozama Mwalimu ndiye aliyesimama wa kwanza, safari hii akiwaonya majirani zake wa benchi kabla hajanyanyuka. Aliuliza siku nyingine ni lini, na kama inawezekana mtu mwenye mgongo wa miaka sabini apewe nafasi ya kuegemea ukuta. Fyuzi akasema meza ya tatu ataisogeza ukutani kesho.

Wageni walipoondoka, mume na mke waliosha bilauri kwenye bomba la nje, yeye akisugua, mkewe akifuta.

"Jumamosi ijayo hapana," Mama Pacha alisema. "Nina sare arobaini."

"Ile nyingine, basi."

"Ile nyingine sawa. Na mvua ikinyesha?"

Fyuzi aliinua bilauri, akaitazama kama imetakata. "Kule mvua ikinyesha kila mtu anabeba kinywaji chake anakimbilia ndani."

"Ndani wapi? Sebuleni kwangu?"

Alisugua bilauri ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nitaongea na seremala habari za paa," alisema.