Betri Isiyoshiba

Mama Kivuko alipiga stata ya boti yake mara ya pili, injini ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Abiria wakatazamana. Mmoja akauliza kama kuna haja ya kushuka wasukume.

Mama Kivuko hakucheka. Asubuhi ya tatu wiki hii. Namlisha kutwa, nikiamka ana njaa: kitendawili hicho cha betri alikuwa amekwisha kukitegua moyoni, na jibu lake lilikuwa mkwewe. Fundi yule, mume wa bintiye wa pekee, ndiye aliyefunga alteneta, kile chombo cha kuchajia betri, akasema ni mpya. Mbona aliifunga peke yake? Akimtuhumu bure, binti ndiye atakayelala na aibu hiyo. Akinyamaza, boti itamfia katikati ya maji na watu ndani. Basi juzi aliitia alteneta nukta ya rangi ya kucha, ajue ikibadilishwa.

Mkwe alifika na mita yake ya kupimia umeme, akaamkia, akalala kifudifudi juu ya injini. Jicho lake likatua kwenye ile nukta.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nani kampamba bibi harusi huyu?"

Mama akatazama maji.

Waliiwasha kwa nyaya kutoka boti ya jirani. Mkwe akamwomba aweke mwendo wake wa kila siku, ule wa kobe aliojivunia kwamba haunywi dizeli. Mita ikasoma volti kumi na mbili na kidogo. Kisha akamwambia aongeze. Injini ikanguruma, tarakimu zikapanda hadi kumi na nne.

Alteneta hula mzunguko wa injini, mkwe akaeleza. Kwa mwendo ule, kidogo inachotoa huishia kwenye taa na pampu ya maji. Betri hulambishwa tu. Wala hakuinua macho alipokuwa akisema.

"Kwa hiyo ni mimi, baba."

"Ni mwendo, mama."

Akafuta mikono, akakusanya spana zake moja moja, akarukia gatini. Hakusema kama jioni atakuja na mkewe, kama alivyozoea.

Boti ikaondoka, injini ikiwa juu, betri ikila. Mama akamgeukia mkwewe, akasema neno la radhi. Hata abiria wa karibu hawakulisikia. Kule gatini mkwe akasimama, akaweka kiganja sikioni.

Mkono wa mama ukagusa mpini wa mafuta, ule wa kupunguza mngurumo ili asikike.