Zipu za Thika

Kama kuna mtu Mwiki nzima, hapa Ruiru, anayehitaji zipu, aje kwangu. Ninazo za kila rangi, zimejaa kwenye katoni chini ya meza ya cherehani na nyingine nyumbani chini ya kitanda. Kazi yangu ni kushona mashati ya shule, na shati la shule lina vifungo. Lakini kila nilipokwenda Thika ilinibidi nirudi na kitu mkononi, na hicho kitu kikawa zipu.

Yote hayo yalikuwa kwa sababu ya Njambi. Njambi anauza sukuma na nyanya mlangoni pangu, na mdomo wake ndio redio ya mtaa. Nani amekosana na mumewe, nani amehama usiku, utasikia kwake kabla hajakupimia nyanya. Tena nusu ya wateja wangu ni yeye anayeniletea. Nilikuwa na jambo moja ambalo sikutaka liingie kwenye hiyo redio: nina virusi vya UKIMWI, na dawa zangu nilikuwa nikizichukua Thika, mbali na macho ya Mwiki. Niliamini kwamba Njambi akijua, wateja watakwisha na nitafunga kibanda.

Msidhani nilikuwa peke yangu. Watu wa Ruiru tulikuwa tunachukua dawa Thika, na watu wa Thika wanakuja kuchukua Ruiru. Tulikuwa tunapishana barabarani, kila mtu akimkimbia jirani yake.

Kliniki yetu ya Thika ilikuwa kontena nyuma ya hospitali, iliyowekwa na mradi wa wafadhili. Palikuwa na viti vyenye mito, chai ya maziwa, na Kanini, mama anayemeza dawa kama sisi, ambaye ndiye aliyetupokea. Mezani kwake palikaa bunda la pamba. Ukishapewa chupa yako, unaifungua, unashindilia pamba juu ya vidonge, unafunga. Vidonge bila pamba vinalia kwenye mkoba, na anayeujua ule mlio anaujua.

Siku moja Kanini akatuambia mradi unaisha.

"Dawa ziko, na mimi niko, kaunti imenichukua," akasema. "Ni hii kontena tu inafungwa. Kuanzia sasa ni foleni moja na wagonjwa wengine. Na wewe, Mwelu, nimekuhamishia Ruiru, karibu na kwako."

"Kanini, umeniuza."

"Nimekupunguzia safari. Utanishukuru."

Sikumshukuru. Niliondoka nimenuna, hata chai sikumaliza. Nilimkasirikia mfadhili kwa kuondoka, nikaikasirikia kaunti kwa kupokea, nikamkasirikia Kanini kwa kutabasamu. Kwa siku kadhaa niliwaza kuziacha hizo dawa kabisa kuliko kupanga foleni mbele ya watu wa Mwiki. Halafu kijana wangu Muoki akaniuliza mbona sili, nikaona aibu mbele ya mtoto wangu, nikaenda Ruiru.

Foleni ilikuwa ndefu. Wazee wa kisukari, akina mama wenye watoto wanaokohoa, mtu wa boda boda na mguu wake umefungwa bendeji. Nilikaa nimejifunika leso mpaka puani. Nikaanza kuwatazama watu nione nani amekuja kwa ajili ya nini, na sikuweza kumjua hata mmoja. Kule Thika, ukionekana tu unaelekea kwenye kontena, habari yako imekwisha. Hapa tulikuwa wagonjwa tu. Moyo ukaanza kutulia.

Nilipofika kwenye dirisha la dawa nikapewa chupa zangu kwenye mfuko wa kaki.

"Nisaidie na pamba," nikamwambia yule kijana.

"Pamba ya nini, mathe? Uko na kidonda?"

Watu nyuma yangu walikuwa wanasukumana. Nikasema basi, nikageuka, na uso kwa uso nikakutana na Njambi, na yeye ameshika mfuko wa kaki.

Tulitazamana. Njambi akauficha mfuko wake nyuma ya mgongo.

"Ni presha," akasema kwa sauti ya chini. "Na usiambie mtu, Mama Muoki. Wakisikia niko na presha watasema nitaanguka kwa kibanda, na wataenda kununua mboga kwa mwingine."

"Sitasema."

Tukatoka pamoja kwa miguu, na kila hatua chupa zangu zilikuwa zinalia kwenye mkoba. Nikaubana kwapani. Zikalia zaidi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Leo hukupata pamba," Njambi akasema, macho yake yako mbele.

Nikasimama.

"Kaka yangu Kagwe alikuwa anajaza chupa pamba hivyo hivyo. Nilikuwa namfulia, napata vipande kwa mfuko wa suruali. Aliogopa kuonekana, akaacha kwenda, na tukamzika." Akajipangusa uso na ncha ya kitambaa. "Siku moja ulitoka Thika na pamba imening'inia kwa mkono wa sweta. Nikaitoa, nikakuambia ni uzi. Hukumbuki?"

Nilikumbuka ule uzi. Ulikuwa wa miaka mingi iliyopita.

"Na hukuambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kila mteja akikuuliza, namwambia fundi ameenda Thika kununua zipu. Mpaka mwingine akaniuliza, kwani huyu anashonea jeshi?" Akanitazama, akaanza kucheka. "Lakini zipu, Mama Muoki. Zipu na mashati ya shule. Si ungenunua hata vifungo?"

Nilicheka mpaka nikalia, na sijui niliacha kucheka wapi na kulia kukaanzia wapi. Njambi akaninyang'anya mkoba, akaubeba yeye, ukilia njia nzima hadi Mwiki.

Siku hizi tumeomba tupewe siku tofauti za kliniki. Nikienda mimi, Njambi anaangalia cherehani yangu. Akienda yeye, mimi nauza sukuma, na wanunuzi wananilalamikia kwamba nakata nene. Nimempigia Kanini simu nikamshukuru, ingawa kwa kununa kidogo, ili asizoee.

Juzi Bridget, yule wa saluni, alikuja kununua nyanya akanikuta kwenye kiti cha jirani yangu.

"Njambi ameenda wapi?"

"Ameenda Thika kununua zipu."

"Zipu? Muuza mboga?"

"Nikupimie za ngapi?" nikamuuliza.