Tonge la Kuonjea Mafuta

Mume wangu Teodori ana mashine ya kukamua alizeti hapa Katandala, na pombe haigusi. Kwa hiyo daktari aliposema ini lake limejaa mafuta na limevimba, nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi.

Daktari hakutuficha. Alisema mwili unahitaji mafuta ya namna zote mbili, ya alizeti na yale ya samaki. Ila kwa Teodori ya alizeti yamezidi mno, na huenda ndiyo yanayochochea uvimbe. Akipuuza, ini litakuja kukakamaa lisipone tena.

"Punguza mafuta, ongeza dagaa na kutembea," alimwambia.

Basi nikashika usukani. Dagaa wa Tanganyika nikawachemsha chukuchuku na nyanya, dumu la mafuta nikalifungia stoo. Teodori alinuna, lakini alikula. Tukarudi kupima baada ya miezi kadhaa: ini vilevile! Nililia njia nzima, jamani. Niliogopa ujane.

Kesho yake nikamfuata mashineni bila taarifa. Nikamkuta na sahani ya ugali wa mama lishe wa jirani. Polikarp, mkulima wa Chala, alikuwa ndiyo kwanza amekamuliwa alizeti yake. Teodori akachovya tonge kwenye mafuta yale, akameza huku akimtazama Polikarp usoni. Akaja mteja mwingine, likachovywa tonge jingine.

"Baba Evodia, unafanya nini?"

"Huku si kula, Mama Evodia, ni kuonja tu. Mteja akiona nameza, anajua sijamchanganyia kitu. Nikiacha, watahamia mashine nyingine."

Polikarp ndiye aliyeanza kucheka.

"Kumbe! Sisi miaka yote tunajua una njaa, mzee. Tulikuwa tunakuachia tu, tukisema masikini, nyumbani hapikiwi."

Mashine nzima ikaangua kicheko, Teodori naye akacheka hadi machozi. Mimi uso uliniwaka. Nikampokonya ile sahani nikampa Polikarp.

"Kuanzia leo onja mwenyewe, shemeji."

Hakuna mteja aliyehama. Kipimo kilichofuata kilionyesha uvimbe umeshuka, na daktari akampa Teodori mkono. Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye benchi. Lakini hadi leo, mtu wa Chala akileta alizeti, haondoki Katandala kabla sijamkalisha mezani kwangu aone kwa macho yake kwamba mume wangu anapikiwa.