Dua ya Saada Juu ya Jabal Nur

Mtu wa Pemba akienda umra hubeba begi lake na dua za watu, na dua ndizo nzito. Bi Mwanapili, mjane wa Vitongoji, alibebeshwa hata na watu asiosalimiana nao. Huyu aombewe mguu, yule kesi ya shamba la mikarafuu, mwengine mume. Zote alizimaliza mbele ya Kaaba. Iliyobaki ni ya mwanawe Saada, na Saada alishikilia kwamba hiyo ikaombwe juu ya Jabal Nur, ndani ya pango la Hira lenyewe, Mtume alimoanza kushushiwa Kurani, si pengine.

Saada hakuwa na mtoto. Mumewe, Suhail, alishampa muda: Ramadhani ikiingia na hali ni ile ile, ataoa mke mwengine na kumweka nyumba moja na yeye. Mama yake Suhail alikuwa keshakwenda Wesha kumtazama msichana.

Shehe Nassor, kiongozi wa kikundi chao, aliwaambia kupanda mlima si katika umra, na Mungu husikia popote. Alisema hayo akiyatazama magoti ya Bi Mwanapili. Mama wa watu akaitikia kwa adabu zote, na baada ya sala ya alfajiri akatoroka na mwenzake, Bi Hija wa Kiuyu, wakachukua teksi mpaka chini ya mlima.

Kwao kuna vilima, na kile cha kutoka bonde la mpunga kwenda barabarani humtoa jasho. Huu sasa ulikuwa jiwe tupu lililosimama wima, na mji wa Makka umelala bondeni. Ngazi zilichongwa na mtu asiyekuwa na haja ya kulinganisha: moja fupi, ya pili inafika gotini. Jua lilipochomoza, buibui likamganda mgongoni.

Bi Hija hakunyamaza. Akasema yeye hashangai Mtume, rehma na amani zimshukie, kupanda huku. Anamshangaa mkewe, Bi Khadija, aliyempandishia chakula. Walipofika kwenye kibanda cha chai akakaa, akavua viatu, akatangaza kwamba Hira yake imeishia hapo.

Bi Mwanapili akaendelea peke yake, akijikongoja. Kila aliyeshuka alimwambia, kwa maneno au kwa mkono, kwamba bado kidogo tu. Anakata kona, anaona ngazi nyengine. Ikamjia hasira. Wanadanganya watu wazima kwa nini?

Hapo ndipo alipomkumbuka Saada. Daktari wa Chake alimwambia bado kidogo. Bibi wa kukanda tumbo naye vivyo hivyo. Mganga, hospitali ya Unguja, dawa za Dar, wote bado kidogo. Na aliyekuwa akimsukuma nyuma, jaribu tena mwanangu, usikate tamaa, ni mama yake. Bi Mwanapili akakaa chini njiani, watu wakimpita, akalia. Alimwonea mwanawe huruma ambayo hakuwahi kumwonea alipokuwa amekaa kitako nyumbani.

Akainuka, akapanda. Juu kulikuwa na msongamano wa watu mbele ya pango, wakisukumana kwa Kituruki na Kiurdu. Zamu yake ilipofika akajipenyeza, akainua mikono. Dua aliyotumwa aliijua kwa moyo, lakini mdomo ulikataa kuisema. Akasema nyengine, ya maneno machache, akatoka.

Alikuwa hajavuta pumzi simu ikalia.

"Mama, ushafika?" aliuliza Saada.

"N'shafika."

"Umen'ombea mtoto?"

Bi Mwanapili aliegemea jiwe.

"Sikukuombea mtoto. Nimemwambia Mungu mwanangu kachoka, ampumzishe na safari hii ya kutafuta mtoto. Mtoto akikupa, alhamdulillahi. Asipokupa, weye wantosha mie. Toka kwa Suhail, mwanangu. Rudi kwetu."

Bi Mwanapili aliangalia simu kama imekatika, haikukatika. Akaogopa. Mtoto amemtuma jambo moja tu duniani, naye hakulifanya. Akawa anatafuta namna ya kumtaka radhi.

Kisha Saada akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, akauliza, "Mama, ufunguo wa nyumba umemwachia nani?"