Kigae Chini ya Kokoto

Mzee Ndahani alikuwa na ng'ombe wengi kiasi cha kumfanya mtu asisikilize ushauri. Alipotaka kujenga tembe mpya hakumwuliza yeyote. Alisimama juu ya ukingo wa korongo, mwendo mfupi tu kutoka Buigiri, akaona pale ni tambarare, nyasi hazikauki upesi, na maji ya kuchimba mchangani yako karibu hata mtoto anaweza kuteka. Akasema, "Hapa." Basi pakawa hapo. Mkewe akapika pombe ya uwele, majirani wakaja, wakakata miti, wakasimamisha nguzo na kukandika udongo, wakanywa na kuimba. Baada ya majuma machache mzee alikuwa amelala kwake, ng'ombe wanacheua uani, na roho yake imetulia.

Jambo moja tu lilimkera. Yotham, mwanawe wa kwanza, hakuja kujenga. Alikuwa porini anavunja mawe.

Hilo la mawe lilianza hivi. Yotham alisoma kwa wamisheni wa Buigiri, akabatizwa, akajua kusoma na kuandika, na baba yake akajipa moyo kwamba mambo yakiharibika kabisa kijana atakuwa mwalimu. Lakini akapita Mdachi mmoja aliyetumwa kukagua miamba kwa ajili ya njia ya reli iliyokuwa ikija kutoka pwani. Watu walimwita Bwana Nyundo, maana aliamkia majabali kwa nyundo kabla hajaamkia wenyeji. Alitaka mtu wa kumbebea mfuko wa mawe. Yotham akaubeba, lakini hazikupita siku nyingi akaanza kuuliza kilichomo. Bwana Nyundo, ambaye tangu ashuke melini hakuna aliyemwuliza swali lolote isipokuwa la mshahara, alifurahi kama mtu aliyempata ndugu ugenini. Akamfundisha. Jiwe hili limezaliwa na moto. Hili ni mchanga uliolaliana mpaka ukawa mgumu. Na hili la mviringo limesagwa na mto, lakini mto huo ni wa kale mno, ulipita kabla mwanadamu hajaumbwa. Yotham aliyameza yote. Mwisho aliweza kupasua jiwe na kusema habari zake kabla mwalimu wake hajavaa miwani, na akajiona mtu.

Nyumbani walimwona vingine. "Wenzako wanachunga ng'ombe," baba yake alisema, "wewe unachunga mawe."

"Mwache, Ndahani," akadakia Mbwana. "Mawe yake angalau hayaliwi na fisi." Huyu Mbwana alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa zamani wa misafara, aliyeoa na kustaafia pale pale. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote, na hakuna siku aliyoiacha ruhusa hiyo ilale njaa.

Kiangazi kilipokuwa kikielekea ukingoni, Yotham akaja kuiona tembe mpya. Alisalimu, akala ugali wa uwele na mlenda, kisha akashuka korongoni kunawa. Mguu wa mtu wa mawe haupiti ukingo bila jicho kuutazama. Maji ya miaka mingi yalikuwa yameukata ukingo ule wima, kama ugali uliokatwa kwa kisu, na tabaka zake zilionekana zote. Juu kabisa, mkono mmoja tu chini ya ardhi iliyobeba nyumba ya baba yake, palikuwa na mstari wa kokoto za mviringo.

Mstari wa namna hiyo alikuwa ameuona kwenye makorongo mengine. Kila mara aliandika "mto wa kale" akaenda zake. Hata siku ile alitoa nyundo kwa mazoea tu, achukue kokoto moja. Akagonga, kokoto zikaporomoka, na pamoja nazo kikaanguka kigae cha chungu.

Yotham alikiokota akakigeuza. Shingoni kilikuwa na mistari mitatu iliyolala upande, na chini yake alama za ukucha. Alikulia kati ya vyungu. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na mama wa mama yake vilevile, na alama ile aliijua kama sauti ya mama akimwita chakulani.

Akaketi mchangani. Kabla mwanadamu hajaumbwa nani alifinyanga chungu? Kokoto hizi zililetwa juu ya vyungu, juu ya watu. Mto huu haukuwa wa kale hata kidogo. Ulipanda mpaka pale juu jana tu, na kilichopanda jana kitapanda tena. Aliogopa, na ndani ya woga ule ule alifurahi furaha ambayo hakuna jiwe lililowahi kumpa.

Akampelekea mama yake kigae.

"Hiki ni cha mama yangu," mama alisema, akakifuta vumbi kwa kidole. "Wakati wa maji makubwa mimi nilikuwa mgongoni. Walikimbilia mlimani, vyombo vikapotea vyote. Lakini sikuambiwa ni korongo lipi, na waliojua walimalizwa na njaa ile ya ng'ombe kufa."

Sasa ikabaki kazi ya kumwambia mwenye nyumba. Mzee Ndahani alisikiliza mpaka mwisho, na hilo lenyewe lilikuwa dalili mbaya.

"Udongo wa ukuta haujakauka," alisema. "Pombe waliyokunywa watu bado iko vichwani mwao. Nami nihame kwa ajili ya kipande cha chungu? Nimechunga upande huu tangu nihamie na ng'ombe wangu. Sijaona maji yakipanda hapa."

"Baba, simba akipita zizini humwoni. Unaona nyayo, unahamisha ng'ombe. Hukuwahi kungoja mpaka umwone." Yotham aliweka kigae na kokoto mbele ya kigoda cha baba yake. "Hizi ni nyayo. Mkiwa mmelala humu siku anaporudi, sitakuwa na baba wala mama."

Mzee akainuka, akatoka. Lakini kesho yake alimwambia mkewe apike pombe nyingine, na majirani walipouliza, aliwaambia zizi limeingia kupe. Wakajenga upya kule juu kwenye mteremko, mbali na maji, na kina mama wa nyumba ile wakaanza kupanda na mitungi kichwani huku wakisema maneno ambayo Yotham alijifanya hayasikii.

Kigae Yotham akakipeleka kwa Bwana Nyundo. Mdachi yule alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Hili sikukufundisha sawasawa," alisema, na uso wake ukachanua. "Wajenzi wa reli wananiuliza kila siku madaraja yawe na kimo gani, nami sina la kuwajibu. Mawe nitavunja mwenyewe. Wewe nenda kwenye mito." Akampa kamba ya kupimia ya chuma iliyojikunja ndani ya ngozi. Tangu hapo Yotham akawa mtu wa mito. Alitembea toka Kikombo mpaka Zuzu na kuendelea Bahi, akitafuta nyasi zilizonasa juu ya miti, akichimba kingo, akiwauliza vikongwe maji yaliwafika wapi walipokuwa wasichana.

Masika ya kwanza yalikuja kwa adabu. Korongo lilijaa kidogo, likapungua, na ukingo haukulowa. Hapo Mbwana akapata chakula. Aliingiza mbuzi wake ndani ya ile tembe iliyoachwa, akawa anapita kwa Ndahani kutoa salamu za mbuzi. "Wanashukuru sana kwa nyumba. Wanauliza kama utawajengea na jiko." Watu wakacheka mpaka kwenye vilabu vya Kikombo. Yotham alipopata habari aliona aibu, akatamani asirudi nyumbani mwaka huo.

Lakini mama yake, alipomfuata Kikombo na chakula, akamletea na habari nyingine. Siku moja penye pombe, mbele ya wazee wote, Mbwana alipouliza maji ya Yotham yamepotelea wapi, Ndahani aliweka chini kibuyu chake. "Mwanangu alisema maji yatakuja," alijibu. "Hakutaja siku. Hata wewe hujatajiwa siku yako, Mbwana, mbona sanda unayo sandukuni?" Kicheko kikageuka upande. Yotham alimwomba mama arudie lile neno la mwanzo. Baba yake hakuwa amelisema hadharani tangu yeye aanze kubeba mawe.

Maji yalikuja masika yaliyofuata, alasiri, mbingu ikiwa nyeupe juu ya kijiji. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu huko. Kwanza ulisikika mngurumo, kisha korongo likajaa, likapita ukingo, likaibeba ile tembe nguzo na udongo wake kana kwamba haikujengwa na mtu. Vijana wa Ndahani waliposikia mngurumo waliwahi kuswaga nusu ya mbuzi wa Mbwana juu mlimani. Nusu nyingine ilikwenda na maji. Nyumba za majirani waliojenga karibu na maji nazo zikaenda, lakini watu hawakufa.

Yotham alikuwa Bahi habari zilipomfikia. Alitembea mchana kutwa siku baada ya siku, na alipofika hakwenda nyumbani, alikwenda korongoni. Alimkuta baba yake kwenye mteremko, fimbo mkononi, analifukuza dume lililotaka kupita. Mbele yake palikuwa na kigingi kimepigiliwa kwenye mstari wa tope na majani makavu.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa. Maji yalikomea hapa," mzee alisema. "Sikuruhusu mtu akanyage, wala mnyama. Nilijua utataka. Pima."

Yotham alifungua mfuko wake. Alitoa kamba, akampa baba yake ncha moja, na mzee yule mwenye ng'ombe wote wale akachuchumaa topeni, akaishika kwa mikono miwili, akauliza kama ameivuta vya kutosha.

Walikuwa bado wanapima Mbwana alipopanda na majirani waliopoteza nyumba. Siku hiyo hakuwa na utani. "Ndahani," alisema, "wewe ndiwe mkubwa wetu. Tuonyeshe mahali pa kujenga."

Hakuna mtu aliyewahi kumwona Mzee Ndahani akimwachia mwingine neno lililoletwa kwake. Aliinuka polepole, tope likimchuruzika magotini, bado ameishika ile ncha ya kamba.

"Mwulizeni huyu," alisema. "Mimi ni baba yake tu."