Kiua Kwenye Tumbo la Verlin

Verlin alikuwa na tumbo, tena tumbo la heshima, lililojengwa kwa soseji na bia tangu ujana, na asubuhi hiyo alikuwa amelilalia juu ya mchanga wa jangwa la Mojave. Nani angeamini? Miaka yote mkewe Ardith alipolala kifudifudi jangwani kutafuta maua, viua vidogo kuliko kifungo cha shati, yeye alikaa kwenye pikapu akila sandwichi na kumcheka.

Sasa macho ya Ardith yalikuwa yanazima. Daktari alishasema mwakani hataona tena vitu vidogo namna hiyo, na hata angeona, nani ana hakika na mvua ya mwakani ya kuvichipusha? Aliomba kitu kimoja tu, akione tena kiua cha manjano, kile kidogo kuliko vyote. Verlin, bingwa wa kuahidi asiyoyajua, akamwambia, "Niachie mimi."

Jua lilikuwa linapanda, na likikolea viua hivyo hufumba. Verlin akatambaa, akahema, akazitukana kokoto.

"Umekipata?" Ardith aliuliza kutoka kwenye kiti cha kukunja, kioo cha kukuzia mkononi.

"Wapi! Mwaka huu vimegoma."

"Havigomi, mzee. Hapo ulipolala umepaangalia?"

Verlin akabingirika chali, akajitazama. Juu ya kitovu chake, shatini, kilikuwa kimenata kiua kimoja cha manjano, kimeng'oka na kimzizi chake. Asubuhi nzima kiua kimoja, naye kakilalia! Bwege wewe, alijiambia, hata lori lingekuwa na huruma zaidi.

"Ardith," akaita, "nimekiponda. Kiko hapa tumboni."

"Usisogee!"

Alikuja akipapasa, akapiga magoti, akainama mpaka kioo kikakaribia kugusa shati. Tumbo likapanda, likashuka.

"Kinanikimbia, Verlin. Hebu acha kupumua."

Akaacha.

"Petali nne," Ardith akasema taratibu. "Na vidoa vyekundu huku ndani. Jamani! Vidoa nilikuwa nimeshavisahau." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Subiri. Subiri kidogo tu."

Uso wa Verlin uliiva, masikio yakavuma, kifua kikawaka moto. Hakupumua, maana mkewe alikuwa bado anaangalia.