Bafta ya Jora Moja

Tangu chumba chake kipakwe chokaa, Auleria hakukanyaga tena ndani. Alilala ukumbini juu ya mkeka, na kila alipopita mlangoni alitazama kando. Baba yake, Revelian, karani wa ofisi moja ya Wazungu mjini, alikuwa amezipaka kuta zile kwa mikono yake mwenyewe. Alitoka Bukoba, akajenga Temeke nyumba ya udongo na makuti kama za majirani, ila alitaka yake ijulikane kuwa ni ya mtu aliyesoma. Binti alikuwa karibu kupokea Komunyo ya Kwanza. Alale mahali peupe, aamke, avae gauni jeupe. Mpango ulikuwa mzuri. Aliyeuharibu ni mwenye chumba.

Asubuhi ya Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe, Revelian alimkuta mtoto kaingia chumbani mle, amejaa udongo mwekundu mpaka viwikoni. Nusu ya ukuta ameshaikandika.

"Ebo! Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba."

"Sasa wewe unataka rangi gani?"

"Nyekundu. Au yoyote, bora isiwe nyeupe."

"Na gauni?"

"Gauni sivai."

Lo! Sivai! Neno hilo lilikuwa halijapata kusemwa katika nyumba ile, na Revelian aliamini anajua lilikotoka. Mtoto alikuwa akishinda kwa jirani yao Jamali, seremala wa Kilwa, ambako wanawake walijifunga kanga za kila rangi na hakuna aliyesema hii ni ya ngoma, hii ni ya heshima. Kwa Revelian rangi zilikuwa na vyeo vyake, kama watu wa ofisini. Mtoto atakula ashibe, atacheza achoke, lakini rangi ya ukuta na ya nguo ni ya baba kuamua. Akatoka uani kutafuta fimbo.

Mkewe, Kokushubila, alikuwa amekaa huko akishona pindo la gauni lenyewe.

"Baba Auleria, umemwuliza?"

"Nimemwuliza. Anataka nyekundu."

"Hiyo ni rangi. Umemwuliza kwa nini?"

Akaokota fimbo. Alirudi chumbani na fimbo yake, lakini swali lilikuwa limeshamwingia.

"Haya, sema. Nyeupe imekukosea nini?"

Mtoto alijifuta mikono kwenye sketi, polepole.

"Mwanahawa alivishwa nyeupe."

Mwanahawa alikuwa binti wa Jamali, mwenzake wa kucheza. Homa ilimchukua mwezi uliopita.

"Nilichungulia dirishani," Auleria akaendelea. "Walimfunga mpaka uso. Na kitambaa kile ulikileta wewe, baba. Ulikishika pamoja na changu. Nikajua mie ndiye ninayefuata."

Revelian akaishusha fimbo. Ilikuwa kweli tupu. Siku ya msiba Jamali hakuwa na nguvu hata ya kusimama, na yeye, jirani mwema, alijitolea kwenda dukani kununua bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Muuzaji alipomaliza kukata, jora lilikuwa limebaki, kitambaa ni kizuri, na kurudi tena dukani kwa nini? Akasema, nikatie na ya binti yangu. Alirudi na mabunda mawili kwapani, akampita mtoto barazani, moja akalipeleka kwa Jamali, jingine akampa mkewe. Kwa kweli alijisifu moyoni kwamba amemaliza kazi mbili kwa safari moja.

Sasa aliona haya, haya hasa, mbele ya mtoto wa miaka minane. Fimbo akaitupa dirishani. Kanisani wasichana wote walitakiwa kuvaa nyeupe. Hilo halikuwa lake kulibadili. Angeweza kusema "usiogope", lakini yeye mwenyewe asingemsadiki mtu wa kumwambia hivyo.

Akaenda chumbani kwake, akarudi na shuka jeupe. Akajinyoosha juu ya kitanda cha Auleria, akajifunika mpaka shingoni.

"Baba, unafanya nini?"

"Nalala. Kaa hapo unitazame."

"Ukifa je?"

"Sifi. Hii ni nguo tu."

Mtoto akafikiri. "Mwanahawa walimfunika na uso."

Revelian alisita. Kisha akalivuta shuka mpaka juu ya kichwa.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Alimkumbuka Mwanahawa, aliyemwamkia shikamoo kila jioni naye akaitikia bila kuinua macho. Ghafla hofu ikamshika, hofu ya mtu mzima, akatamani kulitupa shuka lile mbali. Akavumilia. Mkono mdogo, uliolowa udongo, ukamgusa kifuani, ukatulia hapo.

Kokushubila alifika mlangoni.

"Auleria, njoo tulijaribu gauni."

"Ngoja kwanza, mama," mtoto alisema. Kisha akainama, sauti ikashuka. "Pumua kwa nguvu, baba. Nisikie."

Revelian akapumua.